Maji ya Kwanza ya Chakula cha Mbwa

Kwetu Kasulo kitu kikavu na kigumu hakiingii tumboni hivihivi. Muhogo unalowekwa, maharage yanalowekwa, mahindi ya kande yanalowekwa, na maji ya kwanza humwagwa. Muhogo ndio uliotufundisha. Ule mchungu usipoukalisha majini siku zake, ukaukamua, ukamwaga yale maji, unaweza kumzika mtu. Mama yangu alinionyesha hivyo kabla sijajua kusoma. Nami nikawaonyesha wanangu, kisha nikawafundisha watoto wa watu darasani miaka na miaka, chaki mkononi. Nayasema haya mapema ili utakapofika kwenye kosa langu usiniite mvivu. Niite chochote, lakini mvivu hapana.

Nimestaafu ualimu. Mume wangu amelala kwenye migomba nyuma ya nyumba, mwaka wa nne sasa, na wanangu wako mijini. Naishi na mbuzi kumi na mmoja, kuku wengi, na mbwa jike mmoja mwekundu mwenye masikio ya kusimama. Jina lake sitaliandika. Ni mume wangu aliyempa, na ni jina la mtu wa kijijini ambaye bado yu hai na ana ndugu wengi. Sitaki maneno.

Nilimpata Nyarubungo, upande wa Biharamulo, kwenye shule yangu ya mwisho. Kwetu mbwa huendi kumchukua mikono mitupu, kwa hiyo nilipeleka jogoo, nikarudi na kitoto kilichojaa kwenye kiganja. Kitoto hicho kikawa mlinzi wangu. Nyani wakishuka kwenye mahindi, yeye ndiye anayewapandisha walikotoka. Mwaka juzi, mchana kweupe, nikiwa misani, mwizi aliingia banda la mbuzi. Niliporudi niliwakuta mbuzi wote, na mbwa amelala mlangoni na kipande cha suruali ya kaki mbele yake. Kile kipande nilikitundika kwenye ukuta wa banda mwezi mzima, kila mpita njia akisome.

Mwanangu wa kwanza, anayeishi Mwanza, hakufurahi kama mimi. Alikuja Krismasi ile na hotuba yake tayari. "Mama, mtu wa umri wako hakai peke yake porini." Nikamwambia hapa si porini, na mimi siko peke yangu. Tulibishana siku mbili. Yule mtoto amerithi mdomo wangu, na ukikutanisha midomo miwili ya namna hiyo hakuna wa kunyamaza. Siku ya pili, kwa hasira tu, nikamwambia, "Siku mbwa huyu akiwa hayupo, njoo unichukue."

"Tumekubaliana, mama?"

"Tumekubaliana."

Nilijua palepale kwamba nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Yule ni mtoto wa mwalimu, neno likishatamkwa kwake limeandikwa. Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, na kabla ya kuniamkia alikuwa anauliza, "Mbwa hajambo?" Nami nilijibu hajambo, kwa sababu kweli alikuwa hajambo. Nyumba ya mwanangu si mbaya. Ina feni na ina televisheni kubwa kama meza. Lakini haina migomba, na nyuma yake hajalala mtu wangu yeyote. Nikienda kukaa kule nitakuwa mgeni mpaka nife, nikipewa chai na kuambiwa nipumzike.

Basi mbwa akazaa. Watoto saba, wanene, weupe kwa wekundu, ndani ya stoo ya maharage. Siku za kwanza nilimfurahia. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu mbavu zake. Alikuwa anakula ugali wa muhogo na supu ya dagaa, chakula chake cha siku zote, na anakula mpaka bakuli linahama mahali, lakini wale saba walikuwa wanamnyonya mpaka anayumba. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alichungulia stoo akasema, "Mwalimu, huyu anawapa watoto mwili wake."

Nikampigia simu afisa mifugo wa kata. Ni binti niliyemfundisha darasa la tano, siku hizi ana pikipiki yake na koti jeupe. Akaniambia, "Mwalimu, mtafutie chakula cha dukani. Tena chukua kile cha watoto wa mbwa, umpe yeye mama."

"Cha watoto nimpe mama?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mama anayenyonyesha anahitaji kama mtoto anayekua. Ugali utamshibisha tu."

Nikaenda duka la karibu kwanza. Walikuwa na gunia moja, limefunguliwa mdomo, linapimwa kwa kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na vipande vyekundu, vya kijani na vya njano. Nikamuuliza muuzaji kimetengenezwa na nini, akasema ni cha mbwa. Nikamuuliza kinaisha muda lini, akasema kingekuwa kimeisha muda mbwa wasingekila. Nikanusa, kikawa na harufu ya mafuta yaliyokaa juani. Na zile rangi, jamani, ni za nani? Mbwa wangu hajawahi kukataa kitu kwa sababu si chekundu. Nilimwachia gunia lake.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi mpaka Biharamulo mjini. Kuna duka la dawa za mifugo nililolijua tangu enzi zangu za Nyarubungo. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, alinionyesha aina tatu: mfuko wa mbwa wakubwa, mfuko wa watoto wa mbwa, na makopo ya chakula laini. Nikamwomba kiti. Nikaipanga ile mifuko na kopo moja juu ya kaunta, nikavaa miwani yangu, nikaanza kusahihisha.

Kuna jambo nililijua kutoka kwenye pakiti za chakula cha watu: kilichotangulia kuandikwa ndicho kingi. Mfuko wa mbwa wakubwa ulianza na mahindi. Zikafuata pumba za ngano, halafu neno moja la mafichoni, mabaki ya wanyama, bila kusema mnyama gani. Protini ilikuwepo lakini haba. Chakula hicho si kibaya kwa dume lililolala getini likisubiri kubweka. Kwa mama wa watoto saba ni kumpa mkulima chai kavu halafu umtume shambani.

Kopo nalo lilinivutia kwa picha. Vipande vya nyama kwenye mchuzi, ukitazama unataka uletewe na ndizi. Lakini protini iliyoandikwa ilikuwa ndogo kuliko hata ile ya mfuko wa mahindi. Nikashangaa, nyama yote ile? Nikasoma mpaka chini, nikaona kwamba sehemu kubwa ya kopo ni maji. Nikaazima kalamu ya mwenye duka, nikatoa yale maji pembeni ya gazeti, nikagawanya kilichobaki. Kumbe ukishayaondoa maji, kopo lina protini nzuri tu, linaupita mfuko wa kwanza. Lakini kumshibisha mama yule kwa siku moja ningehitaji makopo mengi, na zaidi ya nusu ya mzigo wangu ingekuwa maji. Nitoke Biharamulo mpaka Kasulo nimebeba maji? Maji ninayo.

Mfuko wa watoto ulianza na unga wa nyama ya kuku. Mchele na mahindi vikafuata, kisha mafuta ya kuku, kisha orodha ndefu ya vitamini, na chini yake kalsiamu na fosforasi, kila moja na kipimo chake. Protini yake iliupita ule mfuko mwingine, na mafuta pia. Na kwenye kona, kwa herufi ambazo lazima ziliandikwa na mtu asiyewapenda wazee, paliandikwa kwamba kinafaa watoto wanaokua, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Nikavua miwani.

"Wewe ni mwalimu," mwenye duka akasema.

"Umejuaje?"

"Umeisimamisha mifuko yangu mstarini. Wateja wengine huangalia picha tu."

Niliondoka na mfuko wa watoto, roho nyeupe. Njia nzima nilijisifu kimoyomoyo. Walimu wastaafu tuna ugonjwa huo, tukipata jibu sahihi tunatafuta mtu wa kumwonyesha daftari.

Nyumbani nikafungua mfuko. Vidonge vya kahawia, vigumu kama kokoto, vina vumbivumbi, na nilipovishika mkono ukang'aa mafuta. Harufu yake ilikuwa kali. Nikasema moyoni, haya ni mafuta ya mashine, na hili vumbi ni dawa ya kuhifadhia. Kitu kimetoka kiwandani, kimepita mikono ya nani, kimelala ghala gani? Tena ni kikavu na kigumu.

Unajua nilichofanya.

Nilikiloweka kwenye ndoo tangu asubuhi mpaka alasiri. Maji yakawa ya kahawia, mazito, na utando wa mafuta juu. Nikatikisa kichwa kwa uchafu ule. Nikamwaga. Nikatia maji mengine, nikavuruga, nikamwaga. Mara ya tatu maji yakaanza kutakata, nikaridhika. Kisha nikakitia kwenye kitambaa cha kukamulia muhogo nikakikamua kwa nguvu zangu zote. Nilibaki na bonge la kijivu lisilo na harufu yoyote. Nikalichanganya na ugali wa muhogo ili liwe na uzito, nikampelekea mama mzazi. Alinusa, akanitazama, akala. Mbwa ana adabu kuliko watu wengi.

Maji yale nilikuwa nayamwaga nyuma ya jiko, kwenye shina la mgomba. Kuku waligundua siku ya pili tu. Nikitoka na ndoo wananifuata wote, wananywa, wanachakura matope, wanapigana. Nikawaambia, "Kunyweni uchafu wenu."

Nilifanya hivyo kila siku ya Mungu kwa majuma mawili, tena kwa bidii. Mbwa aliendelea kukonda. Manyoya yakaanza kusimama, macho yakazama. Kuku, kwa upande wao, walikuwa wanang'aa. Walitaga mpaka jirani akauliza nawapa nini. Nikamjibu hakuna, wanajitafutia. Hasira zangu zote zilikwenda kwa kiwanda. Nikasema wameandika uongo kwenye mfuko, na nikaanza kutunga barua kichwani, barua kali, yenye aya tano.

Barua haikuandikwa. Alhamisi mchana nilisikia watoto wa mbwa wakilia stoo. Nikaingia nikamkuta mama yao amesimama katikati, miguu minne imekakamaa kama ya stuli, anatetemeka mwili mzima. Ulimi nje, anahema kama aliyekimbizwa toka mpakani Rusumo. Nikamwita jina lake lile la matata. Hakunitambua. Alijaribu kupiga hatua, akaanguka ubavu, akaendelea kutetemeka akiwa chini.

Nilishika simu nikapiga. Afisa mifugo akauliza mambo mawili tu: watoto wangapi, wana umri gani. Akasema, "Watoe watoto, Mwalimu, asinyonywe tena. Nakuja." Jirani yangu alisikia kelele zangu akaja anakimbia. Tuliwahamishia watoto kwenye tenga, tukakaa na mgonjwa, yeye kichwani, mimi mgongoni. Nilikuwa naomba. Sikuomba kwa ustaarabu. Nilimwambia Mungu kwamba kama anamtaka mtu wa nyumba hii, sisi wawili mkubwa ni mimi.

Pikipiki ikafika. Binti yule hakusema shikamoo mpaka alipomaliza kumgusa mbwa, na nikamsamehe. Kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu. Kalsiamu imekwisha kwenye damu yake, yote imekwenda kwenye maziwa." Akanyoa manyoya kidogo mguuni, akatafuta mshipa, akaanza kupitisha dawa polepole, sikio la kifaa chake cha kusikilizia mapigo likiwa kwenye moyo wa mbwa. Nilimwambia aharakishe. Akanijibu bila kunitazama, "Nikiharakisha nitausimamisha moyo, Mwalimu. Nyamaza kidogo." Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia ninyamaze. Nilinyamaza.

Dawa ilikuwa haijaisha yote nilipoona ngozi ya ubavu inatulia. Kwanza mbavu, kisha miguu ikalegea, mmoja baada ya mwingine. Kuhema kukapungua. Mwishowe akageuza macho akanitazama, na safari hii alinijua. Nililia mbele yao wote wawili bila haya.

Ndipo mwanafunzi wangu akaosha mikono na kuuliza, "Mwalimu, ulimnunulia chakula nilichokuambia?"

Nikamletea mfuko. Akausoma, akaitikia kwa kichwa. "Hiki ni kizuri kabisa. Anakula kiasi gani?"

"Anakula vizuri. Tena namtengenezea kwa usafi."

"Unamtengenezea vipi? Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilichukua ndoo, nikaeleza kuloweka, kumwaga mara tatu, nikaonyesha hata kitambaa na namna ya kukamua. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa naeleza ubaoni. Jirani yangu alikuwa anatazama kuku. Walikuwa wamekuja mbio kwa sababu wameona ndoo.

"Mwalimu," binti akasema taratibu, "yale mafuta yamepakwa juu ya vidonge makusudi. Vitamini pia, na mengi mengine huyeyuka. Hicho chakula kimeshapikwa kiwandani. Kinaliwa hivyo kilivyo, na maji ya kunywa pembeni. Ulikuwa unampikia mgonjwa mchuzi wa kuku, unamwaga mchuzi, unampa mfupa uliokamuliwa."

"Na mchuzi unawapa kuku," jirani akasema. Kisha akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanacheka peke yake.

Niliwaka. Nikasema kila mtu mwenye akili huosha kitu kikavu, nikasema mfuko haukuandika usioshe. Binti akaningoja nimalize. Halafu akasema, kwa heshima ileile, "Darasa la tano ulitufundisha, Mwalimu. Maji ya kwanza humwagwa. Kwenye mtihani nililipata swali hilo."

Nilikaa juu ya ndoo. Aliona sura yangu akajaribu kunifariji, akasema mbwa mwenye watoto saba anaweza kupatwa na hali ile hata kama analishwa sawasawa. Ni mtoto mwema. Lakini mbavu zilikuwa mbele yetu, na kuku walionenepa walikuwa mbele yetu, na ninajua kusahihisha kazi yangu mwenyewe. Nikasema basi nitamsagia na maganda ya mayai, aongezewe kalsiamu. Akakataa. Chakula kile kimeshapimwa, akasema, ukimwongezea cha kubahatisha utamharibia. Ugali nao niuache mpaka apone, maana unajaza tumbo na kuacha nafasi ndogo ya kile chenye nguvu. Watoto wasinyonye kwa sasa. Jirani akasema maziwa ya ng'ombe yapo, na afisa akamwelekeza namna ya kuyatengeneza yawafae.

Jioni ile simu ikalia. Haikuwa Jumapili, lakini habari za kijiji huwa hazingoji Jumapili. "Mama, shikamoo. Mbwa hajambo?"

Ningeweza kudanganya. Nimewachapa watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. "Yuko hoi," nikasema. "Amechomwa dawa. Bado hasimami."

"Pole, mama." Na pole yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyonitisha. "Nakuja Jumamosi. Mbwa asiyesimama ni sawa na asiyekuwepo. Ukianza kufungasha kidogokidogo itasaidia."

Ijumaa nilikaa stoo. Niliweka vidonge kumi na viwili kwenye bakuli, vikavu, na vumbi lake na mafuta yake, na maji kwenye sufuria pembeni. Mkono ulitaka kuvisuuza, nikauzuia. Mbwa alikuwa amelala ubavu. Nikachukua kidonge kimoja nikakiweka mbele ya pua yake. Alinusa kwa muda mrefu. Akakichukua kwa meno ya mbele, akakitafuna, na ule mlio wa kitu kikavu kikivunjika, kra, kra, ulinifurahisha kuliko kwaya ya Pasaka. Akakitafuta kingine. Alikula vitatu, akanywa maji, akalala. Mchana alikula saba. Lakini kusimama, hapana. Aliinua kichwa tu, akakirudisha.

Alasiri nilitoa kanga mbili na sweta nikaziweka juu ya kitanda. Sikuzikunja. Nilikwenda kwenye migomba nikamwambia mume wangu kilichotokea. Nilimweleza yote, na kitambaa cha muhogo pia. Nikamwambia nimekubaliana na mwanao kwa mdomo wangu mwenyewe, na kama kesho mbwa hajasimama nitakwenda, kwa sababu sitakuwa mwalimu anayevunja neno lake. Nikamwambia naogopa. Sikuwa nimelisema neno hilo kwa sauti tangu tumzike.

Jumamosi asubuhi mbwa alimaliza bakuli zima, bado akiwa amelala. Jirani alileta maziwa ya watoto, akatazama zile kanga kitandani kupitia dirishani. Saa sita hivi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi za mgeni wangu. Maana hata akija kukuondoa, mtoto hupikiwa.

Nikasikia gari linasimama barabarani. Nikasikia mlango wa gari. Nikaendelea kumenya, macho kwenye kisu.

Halafu nikasikia kubweka.

Mlio wa kwanza ulikuwa mkavu, kama wa mtu anayesafisha koo. Wa pili ukatoka wote. Nilitoka na kisu mkononi na maganda kwenye kanga. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mbwa wangu amesimama katikati ya kiwanja kwa miguu yake minne, mwembamba, anayumba kidogo, manyoya ya shingo yamesimama, anabweka getini. Nje ya geti alikuwa mwanangu, ameshika mabegi mawili makubwa, matupu, hata zipu zimefunguliwa tayari.

"Mama," akaita, "mshike mbwa."

Sikumshika. Nilikaa kwenye ngazi ya jiko, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mwanangu alisogea hatua moja, mbwa akasogea mbili. Akarudi nyuma na mabegi yake.

"Mama, nimechoka, nimetoka Mwanza."

"Pole na safari," nikamwambia. "Mwache amalize. Ana siku nyingi hajabweka."

Alisimama pale juani muda wa kutosha kumenya ndizi tatu. Nilizimenya taratibu. Kisha akaweka mabegi chini, naye akaanza kucheka, akasema, "Haya, mama. Hajambo. Nimeona, hajambo."

Jumapili baada ya misa alirudi Mwanza. Mabegi hayakurudi matupu: moja nilijaza ndizi, la pili maharage mapya ya shambani. Juu ya maharage niliweka karatasi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwa sababu mkewe ni wa mjini na huenda hajui: *Yaloweke. Maji ya kwanza umwage.*